Swali la Jikoni: Shukrani kwa Karani wa Kaunta Namba Tatu

Tarehe thelathini Juni, saa tisa na nusu alasiri, Karani Mkuu wa Kaunta Namba Tatu atafunga kwa mara ya mwisho droo aliyokabidhiwa miaka thelathini na minne iliyopita. Ofisi yetu ya usajili wa nyumba na viwanja imewahi kuwa na wakuu tisa, mapazia ya aina tatu na mfumo wa kompyuta ambao kila mwaka huelezwa kuwa mpya. Karani wa kaunta hiyo imekuwa naye mmoja tu. Wateja humwita Mzee Jikoni, naye huitika.

Kamati ya maandalizi imetukabidhi sisi, wanafunzi wa sheria tulio hapa kwa mafunzo ya vitendo, kazi ya kuandika wasifu huu. Ni uungwana mkubwa, maana tulipofika mara ya kwanza tulikuja na waraka wa malalamiko wenye saini arobaini, tukidai kwamba Kaunta Namba Tatu ndiyo kaburi la haki za wananchi kwa ucheleweshaji wake. Mzee aliusoma wote, akasahihisha tarehe, kisha akauliza kwa upole kwa nini saini ya kumi na mbili na ya kumi na tatu zimetoka mkono mmoja. Tuliondoka na waraka wetu. Wiki iliyofuata tuliomba tufundishwe naye.

Alianza kazi akiwa kijana mwepesi wa muhuri, na wakati huo wepesi ulisifiwa. Katika mwaka wake wa sita alikuja mwanamume kuuza nyumba, akiwa na hati halisi, vitambulisho viwili na mwanamke aliyetia saini ridhaa ya mwenzi wa ndoa. Karatasi zote zilikuwa sawa. Muhuri ukagongwa.

Miezi miwili baadaye alisimama kaunta mwanamke mwingine, fundi cherehani, aliyetoka kumuuguza mama yake mbali na nyumbani. Alikuwa amerudi akakuta mapazia ya watu wengine kwenye madirisha aliyoyapima mwenyewe. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Kaka, mimi unanijua?" Karani akajibu kwamba hamjui. "Basi ulijuaje kwamba nimekubali?"

Kesi ilichukua miaka minne. Karani alikuwa na njia rahisi: kusema kwamba alifuata utaratibu, jambo lililokuwa kweli. Badala yake alipanda kizimbani akasema hakuuliza lolote, alitazama karatasi hakuwatazama watu. Fundi cherehani alirudishiwa nyumba yake. Waliokuwa wameinunua, mume na mke walimu, walitoka na vitanda na watoto wao, wakabaki kumdai muuzaji ambaye hakuonekana tena. Tuliosoma vitabuni kwamba mnunuzi asiye na hatia hulindwa, tuende tukawatafute walimu wale tuwasomee ukurasa huo. Mzee alipewa barua ya onyo. Aliiweka chini ya kioo cha meza yake, upande unaosomeka na mteja, na huko iko mpaka leo.

Hapo ndipo lilipozaliwa swali. Wenzi wanaouza nyumba hutenganishwa: mmoja hubaki kaunta, mwingine husubiri kwenye benchi la koridoni. Kila mmoja huulizwa peke yake: ukiingia jikoni kwako gizani, swichi ya taa unaipapasa upande gani? Majibu yakilingana, faili linaendelea. Yakigongana, hakuna anayeitwa mwizi. Faili linasubiri mpaka majirani wawili waje kuthibitisha kwamba hawa ndio wanaoishi pale.

Madalali hawakumpenda. "Mzee, watu wamekuja kuuza nyumba, hawakuja kupika," mmoja alimwambia mbele ya foleni nzima. "Basi hawatachukua muda," akajibiwa. Siku hiyo hiyo bibi mmoja nadhifu, mteja wa dalali yuleyule, alisema kushoto, na yule aliyemwita mume wake akasema kulia. Bibi akaomba kwenda msalani mara moja. Choo kiko hatua kumi kutoka kaunta. Tangu siku hiyo hajarudi.

Lakini swali hilo halikuwahi kuandikwa popote. Mwezi uliopita, kustaafu kwake kulipokaribia, Mkuu wa Ofisi alisema bayana kwamba halimo katika kanuni, linarefusha foleni, na litaondoka pamoja na mwenyewe. Tulichemka. Tuliandaa hotuba. Mzee akatuomba tuiweke mfukoni.

Wiki moja baadaye alikuja upande wa pili wa kaunta, mbele ya kioo, kama muuzaji. Yeye na mkewe walikuwa wanauza nyumba yao ili wahamie karibu na binti yao anayetarajia mtoto wa kwanza. Mnunuzi alikuwa tayari, gari la kuhamisha vitu limeshaagizwa. Aliyeketi kitini alikuwa karani aliyemfundisha mwenyewe, tunayemwita Dada Muhuri. Mkuu wa Ofisi alikuwa amesimama nyuma yake. Sote tuliacha kuandika, tukingoja kuona kama mwalimu atasamehewa mtihani.

Hakusamehewa. Mkewe alijibu bila kufikiri: kulia, nyuma ya mlango. Mzee akaitwa kutoka kwenye benchi, akatazama dari kwa muda, akasema kushoto.

"Miaka thelathini na moja naishi na mtu huyu," mkewe alisema, "kumbe jikoni kwangu amepasikia kwa majirani."

Dada Muhuri alilisukuma faili nje ya kaunta. "Shikamoo, Mzee wangu. Naomba urudi na majirani wawili."

"Marahaba, mwanangu," akasema, akalipokea kwa mikono miwili. Aliahirisha gari. Kesho yake asubuhi alipanga foleni na majirani wawili, mmoja akiwa bado na kandambili, na hati ikapita. Tulipomuuliza kama aliona haya, alisema alikuwa hajawahi kuwa na siku nzuri kazini kama ile. Ijumaa ile tuliona Mkuu wa Ofisi amelipiga chapa swali la jikoni, kipengele cha nne, katika utaratibu rasmi wa kaunta.

Mzee wetu, tulikuja kwako tukidhani haki ni kelele. Umetufundisha kwamba mara nyingi ni swali dogo, linaloulizwa kila siku, hata kwa mtu unayempenda. Kwa niaba ya kila aliyefungua mlango wake akakuta mapazia ni yaleyale, pokea shukrani zetu. Barua ya onyo itabaki chini ya kioo, kama ulivyoomba. Nanyi mkaishi kwa amani na afya katika nyumba mpya mliyoikubali wote wawili. Mama, mkeo, ametuarifu kwamba chakula cha jioni ya kwanza utapika wewe.