Miaka Ishirini na Miwili ya Jino la Bwana Nukaga

Na Isurugi Chizu, Kitengo cha Utalii

Tarehe 31 Machi, saa kumi na moja na robo jioni, Bwana Nukaga Morihiro atafunga droo ya meza yake katika Halmashauri ya Mji wa Kazanuma kwa mara ya mwisho, baada ya miaka arobaini na moja ya utumishi. Nimepewa ukurasa mmoja wa jarida letu niandike wasifu wake. Mkuu wa kitengo ameniagiza niandike kwa heshima. Nitajitahidi, ila nimekaa meza moja na huyu mtu muda mrefu mno.

Aliajiriwa akiwa na miaka kumi na tisa, akapelekwa Idara ya Maji kusoma mita. Alikuja Utalii kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka kuja. Kazanuma haina ngome, haina chemchemi ya maji moto, wala haijawahi kufiwa na samurai yeyote wa maana. Tuna figili. Tunazikausha kwa moshi, tunazivundika kwenye pumba za mpunga, kisha tunashangaa kwa nini wageni hawashuki kwenye treni.

Bwana Nukaga ndiye aliyeanzisha Makumbusho ya Mawe ya Achari. Alizunguka nyumba kwa nyumba akiomba yale mawe ambayo bibi zetu walikuwa wakikandamizia vifuniko vya mapipa, akayapanga rafuni mawe mia tatu na kumi na mawili, kila jiwe na jina la mkwe aliyelibeba. Mwaka mmoja mtu na mkewe kutoka ng'ambo walishuka kituo kimoja kabla ya walikokuwa wakienda, wakauliza ngome iko wapi. Kusema haipo kungekuwa utovu wa adabu, kwa hiyo aliwaonyesha mawe kwa saa tatu. Mpaka leo wanatuletea kadi kila mwaka mpya, na kila kadi inatuuliza kuhusu jiwe namba arobaini.

Sasa nafika kwenye sehemu ngumu.

Miaka ishirini na miwili iliyopita miji yote ilipata vikaragosi vyake, vile vikubwa vinavyotembea na kupungia wageni mkono, na sisi tukapata Shirosuke. Ni figili jeupe lenye macho makubwa, majani kichwani na miguu mifupi, na mchoro wake ulishinda shindano lililokuwa na mshiriki mmoja. Kanuni zake ni tatu: hasemi, havui kichwa hadharani, na ndani yake hamna mtu. Kanuni ya tatu imepigwa mhuri na halmashauri. Kwa hiyo wasifu huu hausemi popote kwamba Bwana Nukaga aliwahi kuingia ndani ya Shirosuke. Nasema tu kwamba hao wawili hawajawahi kuonekana mahali pamoja. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ni mimi, maana kazi yangu ni kumshika Shirosuke mkono asianguke kwenye ngazi. Haoni chochote kilicho chini ya kidevu chake.

Siku ya sikukuu ya mwezi wa nane watumishi wote lazima wawepo, na asiyekuwepo hujaza fomu ya udhuru. Bwana Nukaga alijaza fomu ishirini na mbili. Zote zinasema: miadi ya daktari wa meno. Ofisi ya utumishi iliwahi kumwandikia kumuuliza kama bado amebakiwa na meno. Alijibu kwa maandishi kwamba yapo machache.

Shirosuke naye alichapa kazi. Mnakumbuka yale mashindano ya kuliza watoto wachanga hekaluni, kwa kuwa mtoto aliaye sana hukua na afya. Mwaka mmoja wanamieleka wawili walikunja sura, walinguruma, walitoa macho, na watoto wakawachekea tu. Wazazi walishaanza kunung'unika ndipo Shirosuke akapita akitafuta kivuli. Watoto kumi na wanne waliangua kilio kwa pamoja. Tangu hapo ameajiriwa rasmi, na wanamieleka hupewa chai.

Kulikuwa pia na siku aliyokwama kwenye mlango wa treni. Mkuu wa kituo aliinama kumwomba radhi kwa sababu mlango ni mwembamba. Shirosuke, mwenye adabu, akainama kumwomba radhi kwa sababu yeye ni mnene. Wakagongana vichwa. Ikabidi waombane radhi kwa kugongana. Treni ilichelewa dakika saba, jambo ambalo hata theluji haijawahi kulifanya hapa kwetu, na kampuni ikatuletea barua ya kuomba radhi, nasi tukaijibu kwa barua ya kuomba radhi.

Tumecheka sana miaka yote hiyo. Lakini kuna mtu aliyekuwa hacheki.

Siku ya sikukuu kila nyumba hutoa mwanamume wa kubeba kijumba cha mungu, kinachoinuliwa mabegani kwa miti mirefu, kutoka hekaluni hadi mtoni. Katika mtaa wa Uramachi, mti wa mbele upande wa kushoto ulikuwa wa marehemu Mzee Nukaga, na baada yake wa mwanawe. Nafasi hiyo ilikaa tupu miaka ishirini na miwili. Mwanamume anayekosa kubeba hasemwi usoni, husemwa kwa kinyozi. Walimwita Bwana Meno. Na mama yake, Bibi Fusa, mwenye miaka themanini na minane sasa, alikuwa akisikia. Niliwahi kumkuta dukani kwa muuza samaki akisema, huku akichagua dagaa, “Wana wa wenzangu wanabeba mungu. Wa kwangu anabeba jino.”

Sentensi moja tu ingemaliza aibu hiyo. Nilimwambia, “Kaka Nukaga, mwambie mama yako basi. Nani atajua?”

Akanijibu, “Nikimwambia mama, atamwambia muuza tofu. Muuza tofu atawaambia watoto. Watoto wakijua kwamba ndani ya figili mna mzee mwenye kipara, tumewabakishia nini?”

Nilimkasirikia siku ile, na sijui kama nimeacha. Mtu anajiacha aaibike kwa mama yake mzazi kwa ajili ya mboga!

Mwezi wa nane uliopita ulikuwa wa mwisho kwake. Joto lilifika nyuzi thelathini na sita nje, na ndani ya Shirosuke, ambamo hamna mtu, sijui lilifika ngapi. Foleni ya kupiga picha ilikuwa ya watoto, na katikati yao nikamwona Bibi Fusa kwenye kiti cha magurudumu, anasukumwa na jirani, anasubiri zamu yake kama wengine. Mkono niliokuwa nimeushika ukanibana.

Zamu yake ilipofika hakutaka picha. Alimtazama Shirosuke miguuni, akatazama tena.

“Wewe figili,” alisema, “unatembea kama marehemu mume wangu. Mguu wa kulia unaburuza. Nimeliona hilo tangu mwaka wako wa kwanza.”

Shirosuke hasemi. Aliurudisha nyuma mguu wa kulia.

Bibi akatoa kitambaa kifuani, ndani yake mna plamu moja ya chumvi, akaiweka kwenye ile glovu nyeupe. “Nina mtoto wangu, anaitwa Morihiro. Kila sikukuu yuko kwa daktari wa meno. Ukimwona mpe hii, kuna joto. Mwambie mama yake anajua jino lake lilipokuwa. Mwambie amefanya kazi.”

Shirosuke huinama kwa magoti, kwa kuwa kichwa chake hakikufungwa. Siku ile aliinama kwa kiuno, mgongo sawa kabisa, kama mtoto anavyomwinamia mzazi. Nilirukia majani kwa mikono miwili nikayang'ang'ania, na kichwa hakikuanguka. Kutoka ndani nilisikia mtu akivuta kamasi. Mhuri wa halmashauri unasema nilisikia vibaya.

Nilidhani yameisha. Nyuma ya Bibi Fusa akaja kinyozi, kitambaa cha wabebaji bado kimemlowa kichwani. “Na mimi nina ujumbe kwa huyo Nukaga,” alisema. “Mwambie ule mti wa mbele kushoto si kwamba tumekosa mtu. Tunamwekea. Na lile jina la Bwana Meno mimi ndiye niliyelianzisha. Namwomba radhi.” Kisha muuza samaki, kisha mkuu wa kituo, ambaye safari hii alisimama mbali kabla ya kuinama. Watu arobaini na mmoja walipanga foleni kumpa figili salamu za mtu mmoja, na hakuna aliyevunja kanuni. Watoto wao walisikiliza wakaona sawa tu: mtu ana jino bovu, anatumiwa salamu.

Bwana Nukaga, kwa niaba ya Kitengo, asante kwa mawe, kwa uvumilivu, na kwa kutonikanyaga zaidi ya mara tisa. Salamu zako natumaini zilikufikia. Ishi kwa raha, umlishe mama yako vizuri, na meno yako, hayo machache, yakae salama mdomoni.

Mwezi wa nane ujao utahudhuria sikukuu ya Kazanuma kwa mara yako ya kwanza tangu Shirosuke azaliwe. Mti wa mbele upande wa kushoto ni wako. Weka taulo begani, huna mazoea. Shirosuke atakuwa pale mtoni akikungoja. Utamwona amefupika kidogo, na huenda akalemewa na joto mapema, basi usimcheke. Mimi kwa bahati mbaya sitakuwepo. Nimeshajaza fomu. Siku hiyo nina miadi ya daktari wa meno.