Ekari Nane Zisizofika Nane

Usiku wa kuamkia leo saa ya kanisa imegonga mara moja, ngoo, ikanyamaza.

Sikilizeni, wanangu, wala msitazamane hivyo kama watu wanaomsikia mzee akiweweseka. Saa ile ni baraza letu wenyewe la kijiji lililoifunga mdomo usiku, nami nikiwa kwenye kiti cha mwenyekiti, pale wageni walioligeuza ghala la Hobson kuwa nyumba ya vioo walipolalamika kwamba hawapati usingizi, tukapiga kura iwe bubu tangu watu wanapolala hadi wanapoamka. Sasa bubu akikutamkia neno, humwombi arudie. Ndiyo maana nilimwambia mjukuu wangu Tamsin akupigie simu wewe Glenda, utoke huko Lincoln kabla barabara haijajaa, na wewe Clive nikakuzuia usiende kwa kondoo. Kondoo watangoja, kungoja ndiyo kazi wanayoijua.

Kaa, Clive. Kaa kwenye kiti cha mama yako, hakiumi. Glenda, mwanangu, acha kunipangia mito, umeniweka kama mtu anayesubiri kupigwa picha.

Nianze na madogo, maana madogo ndiyo yanayogombanisha watu baada ya mazishi. Nyumba hii na kondoo na mashamba ya mlimani ni ya Clive, kwa kuwa mgongo wake umeshapinda kwa ajili yao, na mgongo haulipwi kwa maneno matamu. Kabati la vyombo la mama yenu ni la Glenda, pamoja na sahani za buluu, hata ile iliyoungwa kwa gundi, ambayo Clive aliivunja na Glenda akachapwa. Ichukue, binti yangu, iwe fidia yako. Mbwa Nettle ameshachagua mwenyewe, analala mlangoni kwa Tamsin, na mbwa hasomi wosia. Lile trekta kuukuu asipewe mtu yeyote ninayempenda.

Limebaki shamba moja, lile la nyuma ya kanisa letu dogo, mnaloliita Ekari Nane. Hilo nimewaandikia nyote wawili kwa pamoja, ili asiwepo wa kuliuza bila mwenzake, wala wa kulizuia bila kumtazama mwenzake machoni.

Najua unalolitaka, Clive, na sikuiti mlafi. Paa linavuja, nalijua. Ile ndoo ya darini niliiweka mimi. Ulimleta yule bwana wa kampuni ya ujenzi, mwenye viatu vya rangi ya asali, akatandaza mchoro wake mbele ya baraza, nyumba kubwa kubwa zimejipanga, kila moja na gereji mbili, kama kwamba gari nalo linahitaji mke. Mtu mstaarabu, akisema asante hata kwa chai ya ukumbi wetu. Kumbe alikuwa ameuchora mchoro ule ofisini kwake, kwa jina tu, ekari nane, na tulipouweka juu ya ramani ya kijiji, shamba likaisha nyumba hazijaisha, safu ya mwisho ikavuka ukuta ikaingia makaburini, na gereji zikakaa juu ya kifua cha babu yenu. Mnakumbuka Bi Pauline Odling, katibu wetu, alivyouliza kwa upole kama mzee Jabez atapewa ufunguo. Tulicheka mpaka chai ikamwagika, na wewe Clive ulicheka kuliko wote, nami nikakupenda kwa hilo, kwa sababu kilichokuwa kikimwagika pale kilikuwa biashara yako.

Yule bwana hakukosea hesabu. Alikosea kuliamini jina. Shamba lile halifiki ekari sita, na hakuna mtu mzima kijijini asiyejua, na bado tumeliita Ekari Nane maisha yangu yote ya utu uzima, katika kumbukumbu za baraza, baani, na juu ya jeneza la kila jirani tuliyempitisha kando ya lango lake. Mtu kutoka nje angeuliza. Sisi hatuulizi. Sisi tukiona kitu kimepinda tunakipaka rangi.

Basi leo nawaambia kwa nini.

Shamba lile lilikuwa na jina la dada yangu. Kwetu shamba hupata jina la aliyelihangaikia, na yeye tangu utotoni alikuwa akifuga mabata bukini pale, akiwachunga kwa fimbo ndefu kuliko yeye, na baba mwenyewe ndiye aliyeanza kuliita hivyo, akiliita kwa sauti ya mtu anayemwita mtoto wake ndani kwa chakula. Alimpenda kuliko alivyonipenda mimi, na sikuona wivu, kwa sababu hata mimi nilimpenda kuliko nilivyojipenda.

Baada ya vita baba alikuwa mwenyekiti wa baraza, na alikubali kulitoa shamba lile zijengwe nyumba sita za kupanga kwa wafanyakazi wa mashamba. Kijiji kilifurahi. Watu walishaanza kugawana madirisha ambayo hayajajengwa. Ndipo dada akamleta mezani Kazik, mmoja wa wale Wapolandi waliobaki kambini vita vilipoisha, kijana aliyekuwa akichimba mitaro yetu, akaketi, akafanya ishara ya msalaba, akaula mkate wa mama kana kwamba ni ushirika mtakatifu. Baba, mhubiri wa kanisa letu dogo, akaona Mkatoliki, akaona mgeni, akaona mtu asiye na kitu ila koleo. Hakuona kwamba binti yake alikuwa amemsogezea siagi bila kuombwa. Mimi niliona.

Wakaoana mjini. Na kwa haki, kwa kuwa Kazik alikuwa akifanya kazi ya ardhi na hakuwa na pa kukaa, nyumba ya kwanza kati ya zile sita ingekuwa yao. Jioni ya mkutano baba akasimama akasema analitwaa tena shamba lake. Mtu akauliza, shamba gani, Bwana Cawthorne? Swali la kawaida, la kuandikwa tu. Lakini jina la shamba lilikuwa ni jina la binti yake, na ulimi wake ulikataa kulibeba, akasimama pale akitafuna hewa, kisha akasema, “Lile la ekari nane.” Hakuwa amelipima. Alishika namba ya kwanza iliyomjia kinywani. Katibu akaandika, na hakuna aliyethubutu kumsahihisha, wala siku ile wala baadaye.

Hasira hasara, wahenga wamesema, ila hawakusema hasara ya nani. Akina Leake, waliokuwa wakizingoja nyumba zile, waliondoka, na mhunzi akaondoka, na vijana wakaoana wakaenda kukaa kwingine, na shule ikafungwa kwa kukosa watoto, ile ambayo sasa watu wa London wanaikodi kwa wikendi. Nyumba sita tu. Ningeweza kuwahesabia sauti za watoto ambao hawakuzaliwa hapa, lakini pumzi yangu ni chache.

Sanduku lake nililibeba mimi hadi stesheni. Nililia njia nzima, naye akaniambia, “Eli, ukiendelea hivyo utalegeza mkanda wa sanduku, na nguo zangu za ndani zitajulikana wilaya nzima.” Ndivyo alivyokuwa. Wakaenda Corby, mji wa chuma, wakazeeka kule. Kila kiangazi nilikutana naye kwenye maonyesho ya wakulima, nyuma ya banda la kondoo, nikileta mkate wetu wa zabibu kavu na jibini, naye akileta matango ya siki ya Kazik, tunakula tumesimama. Mama yenu alijua, akinifungia mkate wenyewe. Na kila mwaka dada aliniuliza swali lile lile: “Ekari zangu zimeshafika nane?” Nikimjibu bado zinakua, anacheka mpaka anajifuta macho. Nilimwita Dada. Yeye aliniita Kinda, hata mvi ziliponijaa.

Lakini ndani ya nyumba hii jina lake halikutajwa. Baba hata kanisani, akisoma yale maandiko ya mtu mwema aliyeteswa kwa majipu, akifika mwishoni kwenye majina ya wale mabinti watatu, jina lake likiwa mojawapo, aliruka mstari, na waumini wote wakaruka naye, wakitazama viatu. Wewe, Clive, ulikuwa mdogo ulipolikuta limechongwa kwenye mlango wa zizi. Ukaja mezani ukalitamka kwa sauti ya kengele, ukauliza, Babu, huyu ni nani? Babu yako akaweka kisu chini akatoka kwenda kwa nguruwe, na mama yako akakuziba kinywa kwa kiazi. Hukuuliza tena. Mtoto hujifunza upesi palipo na shimo, akalizunguka mpaka akawa mzee.

Dada alifariki majira ya baridi yaliyopita, akiwa amelala. Mwanawe alinipigia simu. Nilikwenda nikakaa kwenye daraja la mtaro, ule aliouchimba Kazik. Maji yake bado yanakwenda.

Tamsin, nipe chai kidogo. Hapana, tone tu. Ahsante, mama.

Mtazameni huyu. Anawaogesha wazee wa kijiji hiki nusu yao, na mimi nikiwa mmoja wao, anazijua chunusi za mgongo wangu kuliko daktari, na jioni anakwenda kulala kwenye karavani nyuma ya ghala letu, asubuhi blanketi limeota barafu. Kwa sababu gani? Kwa sababu hakuna nyumba hapa ambayo mshahara wa mikono yake unaweza kuifikia. Mtu kwao, wanasema. Kwao wapi, Clive, kama kwao hakuna mlango?

Baraza limepata kibali cha nyumba kumi na mbili, ndogo, za kupanga, mali ya shirika la kijiji, za watu wenye kazi yao au watu wao hapa, zisizouzwa milele. Watawalipa bei ya shamba, si kwa kiasi cha yule bwana wa viatu, ila kinatosha paa. Glenda ameniambia moyo wake uko tayari. Umebaki wewe, na siwezi kukulazimisha, maana wosia wa kulazimisha ni baba yangu amerudi. Nakuomba tu.

Na kuna jingine. Alhamisi baraza linachagua jina la barabara itakayopita katikati ya nyumba zile. Bi Odling alikuja na keki, akazunguka, akazunguka, mwisho akasema wengi wanataka iitwe Njia ya Cawthorne, kwa heshima yangu, isipokuwa kanuni ya wilaya hairuhusu barabara kupewa jina la mtu aliye hai. Akawa mwekundu hadi masikioni. Nikamwambia, Pauline, usihangaike, nipe mpaka Alhamisi. Maskini, aliiacha keki yote.

Kwa hiyo nikifa kabla, nitakuwa nimetimiza masharti, na watanining'iniza kwenye nguzo ya barabara bila kuniuliza. Usikubali, Clive. Pale ukumbini jina lilitolewa kwa kutotamkwa, na litarudi kwa kutamkwa tu. Mnajua utaratibu: mwenyekiti hapendekezi, lazima mjumbe asimame, aliseme kwa kinywa chake, mwingine aunge mkono, ndipo katibu aandike. Lisilosemwa haliandikwi. Wewe ni mjumbe, na wewe ndiye uliyewahi kulisema mezani kwangu, mara moja, ukiwa mtoto usiyeogopa mtu.

Mimi nimejaribu. Hapa kitandani, peke yangu. Nikifungua kinywa, baba anakohoa ndani ya kifua changu.

Ngojeni... nipumue.

Mnizike na mama yenu, upande wa ukuta. Mchungaji asiseme sana, mvua hunyesha akianza. Watu wapewe nyama ya nguruwe na haradali, na chai ya moto, na hao wa nyumba ya vioo waalikwe pia. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wao nao hawalali kwa sababu hawajatujua. Ukuta wa kaskazini, Clive, utengenezwe kabla ya... kabla ya majani.

Glenda, binti yangu, mwepesi wa machozi na mzito wa chuki, Mungu akuwekee taa dirishani popote uendako. Tamsin, mikono yako isiwe na baridi tena. Na wewe, mwanangu mwenye kichwa kigumu, kichwa changu hicho, nilikupa mimi... ubarikiwe shambani na nyumbani, na mkate wako usikose mtu wa kuula nawe.

Njoo karibu. Usiniambie chochote juu ya paa, wala juu ya nusu yako. Nitamkie hilo jina tu. Ukilisema, nitajua na mengine umeyakubali. Usipolisema, nitakupenda vile vile, ila nitakwenda nikiwa na... kiu kidogo.

Simama kama utakavyosimama Alhamisi. Glenda, mshike baba yako kichwa, nimwone.

Umevua kofia. Vizuri. Usinitazame mimi, mwanangu, tazama dirishani... huko liliko shamba. Haya. Mwenyekiti anakusikiliza.

“Mheshimiwa Mwenyekiti,” Clive akasema, na sauti yake ikavunjika, akaiokota, “napendekeza iitwe Njia ya Kezia.”