Mama Birika Anastaafu, na Vita Vyake na Neno "Huyu"

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, na naona haya kuanza nalo kwenye wasifu wa mtu mwingine. Nataka ratiba yetu ya nyumbani ibadilike. Kila Jumapili jioni nahama: wiki kwa mama, wiki kwa baba. Nimechoka kuhama, sijachoka kuwapenda. Ningependa wiki mbili mbili. Nimeshindwa kulisema kwa sababu nikimwambia mama kwanza, baba atadhani nimepangwa. Nikimwambia baba kwanza, mama atanyamaza, na mama akinyamaza hata sufuria zinajua. Alikuwepo mtu mmoja tu aliyeweza kuwaambia wote wawili kwa pamoja, na ndiye tunayemuaga.

Ijumaa hii Mama Birika anastaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kusuluhisha familia zilizotengana. Mhudumu wa mapokezi ndiye aliyeomba ukurasa huu uandikwe na mtoto aliyepitia mikononi mwake. Wafanyakazi wenzake waliojaribu wote walianza na "amekuwa nguzo yetu," na mhudumu akasema ofisi yenyewe ndogo, nguzo zote hizo zitakaa wapi.

Alianza kama karani wa mahakama. Kazi yake ilikuwa kuita watu waliosubiri kwenye benchi la korido. Akagundua kwamba wanandoa waliokaa sana kwenye benchi lile huingia ndani wakiwa wamekubaliana nusu ya mambo, kisha hutoka wakiwa hawakubaliani hata saa ngapi. Akaomba chumba chenye benchi na kisicho na hakimu. Akapewa stoo ya viti vibovu. Wateja wake wa kwanza, mwalimu wa hesabu na fundi cherehani, ilibidi washikiane viti ili kila mmoja aweze kukaa bila kuanguka. Mwenyewe husema kwamba kufikia hapo kazi ilikuwa imeshaanza.

Neno "usuluhishi" limemtesa sana. Wengi hudhani kazi yake ni kurudisha watu kwenye ndoa. Bibi yangu, mama yake baba, alikuja kwenye kikao chetu cha kwanza amevaa nguo za harusini, na nje amekodi gari la mizigo ili vyombo vya mama virudi kabla ya chakula cha jioni. Mama Birika hakumcheka. Alimkalisha, akamweleza kwamba pale hawaungi ndoa wala hawaikati. Wanapanga nani atamchukua mtoto shuleni, nani atamsuka, na akiugua atalala wapi. Bibi akafikiri kidogo, akauliza kama na yeye anaweza kupewa zamu. Akapewa. Jumamosi za mwisho wa mwezi ni zake mpaka leo, na gari la mizigo liliondoka tupu.

Sasa niwaeleze habari za birika lenyewe. Watu wakitengana huacha kuitana. Mama alikuwa "huyu" na baba alikuwa "huyu."

"Muulize huyu kama ameleta sweta la mtoto."

"Mwambie huyu sweta liko kwake, kwenye kabati analofunga kwa ufunguo."

Hapo wamekaa jirani kiasi cha kuweza kupeana chumvi. Mama Birika ana sheria moja tu chumbani mwake: atakayemwita mwenzake "huyu" asimame, ammiminie chai, ampe kwa mikono miwili. Baba, ambaye mdomo wake hauna breki, alimmiminia mama chai mpaka mama akaomba ruhusa ya kutoka kidogo. Baba alipoona anayeumia ni yeye, akahamia lugha nyingine, ile ninayosomea shuleni, akidhani humo sheria haifiki. Mama Birika akamsogezea birika taratibu.

"Baba mtoto," akamwambia, "birika hili limesoma lugha zote mbili."

Mimi nilikuwa chumba cha pili na mlango haukufungwa vizuri. Nilimsikia mama akicheka, mara ya kwanza tangu tuhame. Baba naye akacheka, kisha akakumbuka kwamba yeye ni mtu aliyeudhika, lakini alikuwa ameshachelewa.

Kabla ya hapo Mama Birika aliniita peke yangu. Hakuniuliza nampenda nani zaidi. Shangazi zangu wote walikuwa wameshaniuliza hilo kwa pipi. Aliniuliza Jumatatu naamkaje. Nikamwambia naamka natafuta kiatu. Siku hiyo yenyewe nilikuwa nimevaa kiatu cheusi mguu wa kulia na raba mguu wa kushoto, kwa sababu vingine vilibaki nyumba ile nyingine. Akavitazama kwa heshima kabisa, kama mtu anayesoma barua ya serikali, halafu akaniuliza anaruhusiwa kusema nini na asiseme nini. Nilikuwa na miaka saba. Hakuna mtu mzima aliyewahi kuniomba ruhusa. Alipowakabili wazazi wangu alisema, "Viatu vya mtoto havijapatana. Tuanze na viatu." Tukaanza na viatu, na nadhani ndiyo maana tulifika.

Wapo waliomtoa jasho. Mume na mke fulani waligawana televisheni: mmoja akabeba televisheni, mwingine akabeba rimoti. Kwa muda mrefu mmoja alitazama kipindi cha ufugaji wa nyuki asichoweza kukibadilisha, na mwingine akabonyeza ukuta. Mama Birika hakuwashauri kitu. Hatoi ushauri, hunyamaza mpaka watu wachoke kunyamaza naye, waanze wenyewe kusema la maana. Msuluhishi kijana aliyekuwa akijifunza kwake alifeli jaribio la kwanza kwa sababu aliwaambia wateja wafanye nini, tena alikuwa sahihi. Ndiye atakayerithi chumba. Mhudumu wa mapokezi anasema siku hizi ananyamaza vizuri.

Si mkamilifu, na mwenyewe hapendi asifiwe kama marehemu. Hutafuta miwani iliyoko kichwani mwake. Chai yake ina sukari ya kutosha kusimamisha kijiko. Na nyumbani kwake, kwa ushahidi wa dada yake, paka wawili hawajasemezana tangu mdogo aletwe.

Wiki iliyopita nilimpigia simu nimwambie lile jambo langu. Nikasalimia, nikaulizia afya, nikaulizia paka, nikaaga. Kabla sijakata akasema, "Mwanangu, umeshakizidi kile kiti changu cha watoto. Ukiwa na la kusema, liseme wakiwepo wote wawili. Na usilisemee mlangoni, watu wakiwa na mabegi mikononi."

Kwa niaba ya watoto wote wanaojua mswaki wao uko nyumba gani, asante, Mama Birika. Pumzika. Usingizi wako uishe wenyewe bila kuamshwa na saa, na simu ikiita iwe ni ya salamu tu. Paka tunawaombea.

Hapa ndipo ningeweka nukta. Lakini leo ni Jumapili, na baba amekuja kunichukua. Kwa kawaida hupiga honi akiwa nje. Leo ameingia, anataka kujua avae nini kwenye sherehe ya Ijumaa.

"Lile koti la kahawia liache," mama anamwambia. "Linakufanya ufanane na pazia."

"Ulilichagua wewe, mama mtoto."

"Nililichagua likiwa dukani. Dukani lilikuwa zuri."

Wanakuja huku chumbani kwangu. Nasikia viatu vya baba kwenye korido, na ndala za mama nyuma yake, wakibishana bado kuhusu kola. Wiki nzima karatasi hii imelala chini ya godoro. Nikisikia mtu anapita tu, nairudisha. Mkono umeshaanza kwenda kuificha. Nimeurudisha. Begi langu nimelisukuma chini ya kitanda, na karatasi nimeiacha katikati ya meza, aya ya kwanza ikitazama mlango.

Wamepiga hodi. Nimeitikia, "Karibuni," kwa wingi.