Vikombe Vinane na Seva ya Zahanati

Kijiwe chao kilikuwa benchi refu mkabala na zahanati, na muuza kahawa alikuwa na vikombe vinane tu. Saa tano asubuhi hiyo vyote vilikuwa mikononi mwa wenyeji wa benchi, kimoja kwa Kibodi, kijana aliyeandika programu ya kadi za watoto pale zahanati. Kompyuta iko magotini, roho iko juu. Siku ya tatu sasa, ikifika saa nne seva ya hifadhidata, kompyuta inayotunza kadi zote, inagoma na kujibu kwamba miunganisho imejaa, na wauguzi hawaoni mtoto yupi kachanjwa nini. Kibodi akiizima na kuiwasha inakubali, kisha inagoma tena. Dada yake, muuguzi mkuu, alishamwambia bila kuzunguka: leo ikishindikana, wanarudi kwenye madaftari na yeye atafute kazi nyingine.

— Imechoka hiyo, alisema Spana, fundi magari. Haraka haraka haina baraka.

— Haijachoka, imewazoea, akapinga Profesa, fundi viatu. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.

Spana hakukubali kushindwa. Akadai kuna seva nyingine mahali inaionea wivu hii, inaipigia simu mfululizo ili wauguzi wakute laini ina mtu. Benchi likaafiki. Kibodi angecheka, ila hakuwa na nadharia bora. Ile maktaba, msimbo wa watu wengine alioazima ili programu yake iongee na seva, alishaikagua mara tatu: inafungua muunganisho, inauliza, inaleta jibu. Kosa halioni.

Mama mmoja, mtoto mgongoni, akavuka kutoka kwenye foleni akaomba kahawa.

— Kahawa ipo, mama. Vikombe ndiyo vimekwisha.

Mama akalitazama benchi.

— Si hivyo hapo, tena vikavu? Mnavishikilia vya nini?

Profesa alifungua mdomo kutafuta methali, akaikosa.

Kibodi akakitazama kikombe chake kikavu, kisha kompyuta. Programu yake ilifungua muunganisho kwa kila kadi, ikapata jibu, ikakaa nao. Mamia ya kadi, na hata muunganisho mmoja haukurudishwa. Maktaba ilikuwa na amri ya kufunga tangu mwanzo. Yeye hakuwahi kuitumia. Akaandika mstari mmoja, akaiwasha seva upya, akavuka barabara mbio.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, alisema Profesa, na ikawa mara yake ya kwanza kupata methali iliyofaa.

Saa kumi foleni ilikuwa imekwisha. Kibodi alirudi taratibu, mwepesi, kama mtu aliyetuliwa gunia. Dada yake alikuwa amemwambia neno moja tu, ahsante, na lilimtosha.

— Imekubali? aliuliza muuza kahawa.

— Imekubali, kaka. Haijagoma tena.

— Vizuri. Sasa nipe kikombe changu ulichoondoka nacho.