Mtoto Aliyekanwa na Wendeli

Maulid, zima simu. Najat, mwanangu, niinulie mto, maana daktari wa hapa Guangzhou ameshasema ndege siiwezi tena, na mimi sitaki kufa na maneno haya tumboni. Gharib, Khatib, ndugu zangu, asanteni kwa kufunga maduka mkaja; kaeni karibu, nyinyi ni mashahidi.

Nyote mnajua jinsi tulivyolelewa kule Unguja na jina la Wendeli. Marehemu baba alitusimulia kwamba babu wa babu yake, Tobia, alishuka melini pale Unguja akasilimu, akaoa, naye alikuwa mtoto wa bwana mkubwa wa Kimarekani, mmoja wa walowezi wa mwanzo waliofyeka msitu wakajenga mji. Wewe Maulid ukalitundika jina hilo kwa taa nyekundu juu ya duka lako hapa mtaa wa Xiaobei. Na Othman, kijana wa watu anayenunua midoli na madaftari ya jumla kule mtaa wa Yide Lu, alipokuja kwa adabu kumposa dada yako Najat, ulimjibu mlangoni, nami nimelala hapa nasikia: "Bibi wa bibi yako alikuwa mtumwa wa mashamba ya karafuu. Sisi hatuozi huko." Nilishikwa na kinyaa, lakini homa ilikuwa imenifunga ulimi.

Kisha ukamwomba Nelly, yule binti wa Kikenya anayesoma chuo hapa, amtafute Wendeli katika kumbukumbu za Marekani, upate kuuchora ukoo na kuutundika dukani. Alitafuta, akampata, akaja akakaa kwenye kiti hicho na kompyuta yake akatusomea. Katika kumbukumbu za mahakama, mtumishi wa Wendeli, mwanamke mweusi aitwaye Dorkasi, alisimama na mtoto mchanga mbele ya hakimu akasema baba yake ni Wendeli. Wendeli akaapa kwa Mungu kwamba mtoto hamjui. Sensa ya mwaka 1800 ikamwandika Wendeli kwa jina, mkuu wa kaya, na chini yake watu weusi wawili wasio na majina, maana Dorkasi na mtoto aliyemkana walikuwa bado wakimtumikia nyumbani kwake. Baadaye akarudi mahakamani, akaomba mtoto apewe nahodha wa meli amfanyie kazi mpaka awe mtu mzima. Hakimu akakubali. Mtoto huyo jina lake Tobia.

Miaka yote tumejipamba kwa jina la mtu aliyemtupa baharini mtoto wake wa kumzaa! Dorkasi simwonei haya hata kidogo. Huyo ni bibi yangu, na leo nimemwombea kwa jina lake. Ninayemwonea haya ni wewe, Maulid, kwa sababu ulisikia yote hayo, ukajikuna kidevu, ukamwambia Nelly: "Huyo mama mfute. Andika Wendeli, halafu Tobia, basi." Yule binti akafunga kompyuta yake. "Kaka Maulid, mtafute mtu mwingine," akasema, akaondoka bila kunywa chai. Wendeli alimkana Dorkasi mara moja. Wewe umemkana mara ya pili, ukiwa umeshiba, hakuna hakimu aliyekuuliza.

Maji... kidogo tu. Basi.

Mzigo wangu ulioko ghalani gawaneni kama sheria ya dini inavyosema. Nizikeni hapa hapa, msinipakie ndegeni. Jina lile lishushwe dukani kabla sijaoshwa. Radhi yangu unayo, Maulid, wewe ni mwanangu, lakini nikifa walii wa kumwozesha dada yako ni wewe, na hilo sikuachii. Shehe yuko nje na Othman. Khatib, wafungulie.

Karibu, shehe. Najat, umeridhika na Othman? Usiitikie kwa kichwa, mama, sema nikusikie. Alhamdulillahi.

Maulid, usitoke. Simama hapo uone.

Othman, nipe mkono. Wa kulia. Ushike vizuri, wangu hauna nguvu. Mimi Msabaha nakuozesha binti yangu Najat, kwa mahari mliyopatana... Mungu awape watoto, na kila mtoto mumwite kwa jina lake. Haya, baba, sema umekubali. Sema kwa sauti... sisikii. Sema tena.