Mama Vifungo na Zawadi ya Kuwahi

Tarehe thelathini mwezi huu, Mama Vifungo anaacha kazi baada ya miaka ishirini na mbili katika kiwanda chetu cha sare. Utaratibu unasema mtu astaafu akifika sitini. Yeye hata hamsini hajagusa. Mimi mpiga pasi nimeshapita umri huo, nadhani wamenisahau kwenye mvuke, na ndimi niliyeambiwa nimuage. Mkongwe anamuaga kijana! Dunia imevaliwa mshono nje.

Aliingia hapa kama mkata nyuzi, akapanda hadi meza ya vifungo, na hapo hakupata mpinzani. Watoto waligombana shuleni, mashati yakachanika mgongo, kola zikabaki mikononi mwa wagomvi, lakini kifungo chake kilikuwa pale pale. Mshonaji wa mashine ya pili alikuwa akidai kwamba hata mume wa Mama Vifungo, dereva wa lori, harudi nyumbani kwa mapenzi. Hurudi kwa sababu ameshonwa kama kifungo.

Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Chake kilivuliwa kwa msumeno. Pete ya ndoa ilianza kubana, kifundo kikafura, fundi wa mashine akaikata huku ukumbi mzima ukicheka kwamba raha za lori zimemnenepesha mama. Kunenepa gani, na sketi inampwaya mpaka anaishika kiunoni kwa pini? Haukupita muda, vifundo vile vile vya mkono wa pili navyo vikafura, kama mapacha waliopishana mlangoni. Akaacha kutoa mkono wa salamu, tukasema anaringa. Akawa analala saa ya chakula juu ya marobota ya vitambaa. Tukasema dereva karudi safari. Tulikuwa na jibu la kila kitu, isipokuwa lile la kweli.

Ndipo ikaja zawadi. Mlinzi wa lango alipeleka habari kwamba Mama Vifungo hufika kabla hakujapambazuka vizuri, wa kwanza siku zote. Meneja alifurahi, akaita mkutano, akamtangaza Mfanyakazi wa Kuwahi. Picha yake ikabandikwa mlangoni tujifunze, naye akakabidhiwa chupa ya chai inayong'aa. Tulipiga makofi mpaka viganja vikawaka.

Kumbe mwenzetu alikuwa analiwahi bomba la mvuke. Vidole vyake viliamka vigumu kama kuni, akavilaza kwenye lile bomba lenye joto kwa zaidi ya saa nzima, ndipo vikakubali kushika sindano. Na ile chupa hakuweza kuifungua. Akawa anaizungusha meza kwa meza afunguliwe kifuniko, nasi tukamwita bibi harusi, wa kufanyiwa kila kitu.

Aliyemgundua ni nesi mmoja aliyekuja kupimwa gauni la kazi. Mama kapiga magoti anabana pindo kwa pini, nesi kaacha kutazama gauni anatazama mikono. Akamminya vifundo taratibu, kama anayechagua nyanya; mama akaruka. Akamuuliza kama asubuhi vidole hukakamaa. Hapo kila mtu akalikumbuka bomba.

Hospitali walitoa damu, wakapiga picha, wakasema ni baridi yabisi, ile ambayo mwili hugeuka na kuvishambulia viungo vyake wenyewe, wala hausubiri mtu azeeke. Daktari akauliza ilianza lini. Mama akacheka, akamjibu: "Tangu mwaka nilioshinda zawadi, dokta." Ilikuwa imeshapita miaka mitano. Dawa anameza, na maumivu yamepungua. Ila vidole vilivyokwisha kupinda, aliambiwa, havinyooki tena. Angefika mapema vingeokolewa. Hilo neno "mapema" halitaniwi tena hapa kiwandani.

Aliyewafungia mashati watoto wa mji mzima, leo blauzi yake mwenyewe hufungwa na binti yake wa kwanza, yule anayekaa mashine ya tatu.

Nilipewa kazi ya kuwachekesha, na ningemalizia hapo. Lakini Jumatatu mlinzi wa lango ameleta habari tena: kuna mwingine anayewahi. Ni huyo huyo binti. Kakutwa penye bomba, viganja vyote viwili, anasema ni baridi tu ya asubuhi. Mama yake naye alisema hivyo hivyo, neno kwa neno. Meneja, shikamoo, safari hii tafadhali usinunue chupa.

Mama Vifungo ameomba aagwe asubuhi badala ya jioni, ili akitoka hapa ampeleke binti hospitali. Binti amegoma, eti sare za shule zimerundikana. Mama kamjibu: "Utakwenda kwa miguu yako, au nikubebe kwa mikono hii?" Hakuna aliyecheka, hata mshonaji wa mashine ya pili.

Basi tarehe thelathini njooni asubuhi. Mkono msimpe, mwenye furaha apige vigelegele. Ile picha ya mlangoni tumeshaibandua.

Asante, Mama Vifungo, kwa kila kifungo kilichobaki mahali pake. Tunakuombea asubuhi njema, zile ambazo vidole huamka pamoja na mwenyewe. Na huko uendako na binti, Mungu ajalie safari hii uwe umewahi kweli.