Pampu ya Pijo Isiguswe Kabla ya Plagi

Sikilizeni, Fabiani na Salome, ila niinulieni mto kwanza, maana maneno haya siyasemi nikiwa nimelazwa kama gunia la ulezi. Yote nitakayosema niliyaona mimi, kwa macho haya haya, sikusimuliwa na mtu.

Fabiani, nimesikia umemwita fundi wa Kizwite aje Jumamosi aing'oe pampu ya mafuta ya gari langu la Pijo afunge kabureta, eti inatoa moshi mweusi, imekufa. Imekufa? Mimi baba yako daktari alinipa wiki mbili, na hii ni ya tano. Pampu ile haing'olewi nikiwa hai, na nikifa ndiyo kabisa.

Mgonjwa hupimwa kabla ya kupasuliwa. Fungua plagi zote nne, uzipange juu ya gazeti. Zikiwa na masizi meusi, makavu, mafuta yamezidi hewa. Zikiwa nyeupe kama chaki, mafuta yamepungua na injini inajichoma. Moja ikiwa tofauti na nyingine, kagua nozeli yake inayonyunyiza mafuta, usiisingizie pampu. Zote nyeusi? Tazama filta ya hewa, kisha kile kidude kinachoongeza mafuta injini ikiwa baridi. Kikikwama, injini inanyweshwa mchana kutwa kana kwamba bado ni alfajiri ya Juni hapa Sumbawanga. Naapa ndicho kilichokwama. Skrubu ya pampu huguswa mwisho, tena kidogo mno, na kwa sikio. Ufipa nzima hakuna wa kunifikia kwa kazi hiyo, labda mmoja.

Huyo mmoja ni Tadei, fundi mwenzangu. Ndiyo, Tadei yule yule ambaye miaka kumi na tisa nimewakataza hata kumwamkia. Kisa mnakijua: tuliteremka Wampembe, kule ziwani, kumwoza shangazi yenu Rozina, pistoni ikatoboka mbele ya wakwe, nikawaambia Tadei alipunguza mafuta kwa wivu. Huku juu hewa ni nyepesi, mafuta hupunguzwa. Ukishuka ziwani hewa ni nzito, usipoyarudisha, injini inaungua. Hilo kila fundi wa mlimani analijua, na siku akilisahau huwa anashuka kwa mbwembwe.

Basi gari ni la Salome, kwa kuwa ana pua ya kunusa petroli iliyozidi. Fabiani, karakana na spana zote ni zako, usininunie. Fundi wa Kizwite mwambieni Jumamosi akapalilie mahindi yake. Pijo ipelekeni kwa Tadei, mumpe shikamoo ya heshima, na akiwafukuza msiondoke.

Nipeni maji… Mungu awape masikio mazuri, wanangu, na mikono isiyo na haraka. Msinizike kwa gari la kukodi.

Sogeeni, sauti inaniishia. Mficha maradhi, kilio humfichua. Mwambieni Tadei… kisa chote ni kweli, ila mkono. Mkono uliopunguza yale mafuta ni huu. Kwa hewa ya Sumbawanga uliyapunguza sawasawa, hilo simwachii mtu. Lakini ule mkono wa Tadei… niliubuni mimi, tukivutwa na maksai kuupanda mlima.